Glavu ya Kijana wa Baní

Consuelo, 11 Aprili 1988

Mwanangu Eligio,

Mungu akubariki. Najua hujaniomba baraka, maana barua yako ya mwisho ni ya Februari, lakini mimi nakutumia tu usije ukapungukiwa huko ugenini. Sisi hatujambo. Dada yako Miguelina hajambo na tumbo lake, ni mwezi wa saba sasa. Mume wake amepewa kazi kwenye mzani wa miwa, basi anatembea kama vile kiwanda chote cha sukari ni chake. Maharage matamu ya Kwaresima nilipika sufuria kubwa, nikakuwekea bakuli lako mezani, kisha siku ya tatu nikalimaliza mwenyewe kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Mikono yangu haipumziki. Nakuambia bila kujisifu, na kama najisifu basi nina haki: katika nchi hii hakuna glavu ya besiboli ya maana inayokatika kamba isiyopita juu ya magoti ya mama yako. Zinatoka La Romana, zinatoka Haina, na Chago anayesafirisha mizigo kwa ndege ananiletea hata za vijana wetu walioko huko kwenu Florida. Wanasema Mmarekani akifunga glavu anaifunga kama kiatu. Wiki iliyopita ililetwa moja imekauka kama samaki wa chumvi, mwenyewe alishakata tamaa nayo. Nikaifumua kamba zote, nikaiosha kwa sabuni ya mche, nikaipaka shahamu ya kondoo siku tatu kivulini, kisha nikaifunga upya kwa sindano ya marehemu baba yako, ile aliyoshonea hatamu za ng'ombe wa kiwanda. Ukiipiga ngumi katikati sasa inalia kama ngoma. Mwenyewe alinibusu mkono.

Sasa neno lenyewe. Nataka picha. Wewe, umevaa sare ya timu, na glavu yako mkononi, ile niliyokufungia mwenyewe kabla hujapanda ndege. Nimeshapata mahali pa kuitundika, ukutani dukani kwa Nurys, juu ya mapipa ya mchele, ambapo kila mtu ataiona hata kama hataki. Unamjua Nurys. Kila nikiingia kununua kahawa ananiuliza mbele za watu: "Fiordaliza, mwanao anacheza besiboli au anacheza kujificha?" Nimemwambia kabla ya Krismasi utakuwa umepandishwa daraja. Basi usiniangushe, lete picha.

Mama yako,
Fiordaliza


New York, 8 Mei 1988

Mama, naomba baraka.

Nimefurahi kusikia hamjambo nyote. Mimi ni mzima. Pole kwa kuchelewa, nilikuwa safarini na barua yako ilinifuata nyuma. Timu imenihamishia huku kaskazini. Baridi bado ipo ingawa wanasema ni majira ya kuchipua.

Barua usitume tena kule kambini Florida, zinapotea. Tuma kwa binamu Radhamés, anwani yake iko nyuma ya bahasha. Nikipita mjini nazichukua.

Glavu ni nzima. Naipaka mafuta kila Jumapili kama ulivyonifundisha. Picha sina kwa sasa, mpiga picha wa timu anakuja mwisho wa msimu. Tunasafiri sana kwa basi, kwa hiyo usishangae nikikaa kimya.

Msalimie Miguelina.

Mwanao,
Eligio


Consuelo, 2 Juni 1988

Mwanangu Eligio,

Mungu akubariki na akukinge na hiyo baridi. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Sikukuu ya Mama, na kwangu hiyo ndiyo zawadi. Jirani zangu wameletewa mafeni na sufuria, mimi nimeletewa karatasi moja, nikapita nayo mtaa mzima. Miguelina anakaribia. Miguu imemvimba mpaka anavaa ndara za mumewe. Mvua zimeanza, paa linavuja palepale pa mwaka jana, nimeweka ndoo palepale.

Kaskazini! Nilimwambia Nurys umehamishiwa kaskazini, akasema ndiyo nini sasa. Nikamwambia, "Tazama ramani, mama. Kaskazini iko juu. Mtu akipanda anakwenda juu." Wazee waliokuwa wakicheza domino mlangoni walicheka mpaka mmoja akaangusha vipande vyake, na Nurys akageukia mizani yake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na urefu wa mnazi.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Timu ina ofisi, ina sanduku la posta, ina kila kitu, kwa nini barua zipite kwa Radhamés, ambaye tangu utoto hajawahi kutunza hata kalamu? Lakini wewe ndiye uliyeko huko.

Ngoja niache hapa kidogo, Chago anapiga honi nje na gunia lake la glavu.

Nimerudi. Ni tarehe 5 leo. Siku hizi tatu mkono haukutaka kuandika.

Eligio, nina swali. Glavu yako iko wapi? Siulizi hali yake. Nauliza iko wapi. Nijibu kwa mstari mmoja, habari za baridi nimeshazisikia.

Mama yako


New York, 26 Juni 1988

Mama, naomba baraka.

Natumaini Miguelina amejifungua salama, au karibu.

Umeuliza glavu iko wapi. Iko hapa, Mama. Iko kitandani karibu na mkono wangu ninapokuandikia. Jana nilidaka nayo mpira uliopigwa kwa nguvu sana, watu wakasimama kupiga makofi. Kamba hazijalegea hata moja.

Usiwe na wasiwasi kuhusu glavu. Kwa nini unauliza?

Eligio


Consuelo, 20 Julai 1988

Eligio,

Mungu akubariki. Miguelina amejifungua tarehe 19 Juni, mvulana, kilo nne kasoro kidogo. Ana vidole virefu kuliko vyako ulipozaliwa, na sauti inayoshinda king'ora cha kiwanda. Mama mzima, mtoto mzima. Hayo ndiyo mazuri.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kibarazani, na glavu yako ikiwa juu ya magoti yangu.

Rudia kusoma hapo juu kama hujaelewa. Chago aliimwaga pamoja na nyingine kumi na moja, tarehe 2 Juni, ule wavu wake wa kati ya kidole gumba na cha shahada umekatika. Ilikuwa na karatasi imefungwa kwa uzi: "Osiris Peguero, Baní. Doña, ifunge kama ilivyokuwa." Nikaigeuza. Kwenye kifundo cha mkono kamba imepishana mara mbili na fundo limefichwa chini ya ngozi. Glavu za watu nafunga mara moja. Mara mbili nafunga ya damu yangu tu, na damu yangu inayocheza besiboli ni moja. Hata hivyo nilijiambia, Fiordaliza, usiwe mwepesi. Nikaifumua upande wa chini wa kiganja, nikaingiza kidole kwenye pamba ya ndani, nikaitoa ile shanga nyeusi uliyovaa mkononi ulipokuwa mchanga, niliyokufunga watu wasikutupie jicho baya. Niliishona humo usiku kabla ya safari yako. Hukuwahi kujua. Sasa unajua.

Basi niliuliza iko wapi ili uniambie mwenyewe. Ukanijibu iko kitandani.

Nimefikiri siku arobaini na zaidi. Najua mwanangu hawezi kuitoa ile glavu kwa mkono wake. Ulilala nayo tangu una miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo imeibwa. Huyo Peguero mlilala chumba kimoja kambini, uliniandikia mwenyewe mwezi wa pili, ukasema ni kijana mpole anayekoroma. Amekuibia, nawe unaona haya kuniambia mimi, maana unajua nilivyo. Na ujasiri alionao! "Ifunge kama ilivyokuwa." Mwizi na adabu zake.

Sikuweza kukaa na jambo hilo kifuani. Jumamosi nikiwa dukani Nurys aliuliza tena habari za picha, mbele ya watu wote, na Bwana Cabral alikuwepo, yule msaka vipaji wa timu yenu aliyekuja kukutazama uwanjani mara tatu. Nikasema. Nikasema picha haipo kwa sababu glavu haipo, na glavu haipo kwa sababu kijana wa Baní aitwaye Osiris Peguero ni mwizi, na ushahidi uko nyumbani kwangu.

Cabral akatazama viatu vyake muda mrefu. Akauliza, "Doña Fiordaliza, una hakika?"

"Nina shanga," nikamwambia.

"Sikuulizi habari za shanga. Umezungumza na Eligio?"

"Nimesoma barua yake juzi. Anaona haya."

Akauliza tena kama nina hakika. Nikamwambia mimi sijasoma zaidi ya darasa la nne, lakini kamba zangu nazisoma gizani. Akavaa kofia. Akasema wizi ni wizi, anasafiri kwenda kambini Jumamosi tarehe 3 Septemba, na jambo kama hili akishalisikia mbele ya watu hawezi kulificha, litabidi alifikishe kwa wakubwa. "Kijana anayeibia wenzake hulala nyumbani kwao wiki hiyohiyo," alisema.

Sasa niandikie unithibitishie. Mstari mmoja tu: imeibwa. Nitampelekea Cabral.

Mama yako


Consuelo, 14 Agosti 1988

Eligio,

Mungu akubariki. Mtoto ananyonya vizuri. Paa limezibwa.

Wiki nne karibu, na wewe kimya. Nimemwuliza Chago, anasema barua yangu aliiweka mkononi mwa Radhamés mwenyewe, na Radhamés akasema atakupa jioni hiyo. Jioni hiyo, Eligio. Mtu aliye safarini na timu hapewi barua jioni hiyohiyo. Nimelisikia neno hilo na nimeliweka pembeni. Silisemi leo.

Leo nakuambia aliyekuja. Jana alikuja don Aquiles Peguero, baba yake Osiris. Ametoka Baní kwa mabasi mawili, mtu mzima, shati jeupe limepigwa pasi, na mfuko wa vitunguu vya shambani kwake. Hakuingia mpaka nilipomkaribisha, na nilichelewa kumkaribisha.

"Doña, nimekuja kuchukua glavu," alisema. "Na jina la mwanangu pia, kama ulilichukua wewe."

Nikamwambia glavu ni ya mwanangu.

"Maneno ya dukani yamefika mpaka Baní, na mwanangu amenipigia simu. Anasema alipewa na mwenyewe."

"Nani asiyesema hivyo?"

"Kweli," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Mimi nalima vitunguu, doña, besiboli siijui sana. Lakini Osiris hajawahi kuniibia hata yai. Wewe ulimlea wako na mimi nikamlea wangu. Mwulize wako."

"Nimemwuliza."

"Amesema nini?"

Mimi, Eligio. Mimi. Kwenye kibaraza changu mwenyewe nilitazama ndoo ya mvua kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake. Miguelina akatoka na kahawa, akatuona, akarudi nayo ndani.

Don Aquiles alisimama akasema glavu ataisubiri, ila jina haliwezi kusubiri, kwa sababu Cabral anaondoka tarehe 3. Kijana wake amebakiza mwezi mmoja wa msimu na wamemwambia anafanya vizuri. Mfuko wa vitunguu aliuacha mlangoni. Nilimwambia auchukue. Akasema, "Hivyo vitunguu nilivileta kabla sijakasirika."

Mpaka leo viko palepale mlangoni. Nikitoka naviruka.

Sasa nisikilize. Miaka ishirini nimefunga glavu za watu, sijawahi kukaa na ya mtu siku moja zaidi ya nilivyoahidi. Hii nimekaa nayo zaidi ya miezi miwili, imekwisha kufungwa, iko tayari, nailaza kwenye droo chini ya mashuka kama kitu cha haramu. Ikiwa iliibwa, niambie, nami nitasimama mbele ya Cabral na mbele ya Papa wa Roma. Ikiwa uliitoa kwa mkono wako, niambie, nami nitaipeleka. Lakini ukinyamaza, tarehe 3 mtoto wa mtu ataitwa mwizi kwa neno langu, na neno langu nimelisimamisha juu ya lako.

Sitaandika tena mpaka unijibu.

Fiordaliza Mojica, mama yako


New York, 24 Agosti 1988

Mama, naomba baraka. Nipe hata kama umekasirika.

Barua hii nampa Chago mkononi, anaruka Jumanne, ikufike kabla ya tarehe 3.

Osiris hajaiba. Niliitoa mwenyewe.

Tarehe 28 Machi, asubuhi, walituita watu sita ofisini. Kulikuwa na mkalimani mmoja, Mpuertoriko, hakututazama usoni. Alisema mikono yangu ni mizuri kudaka lakini kwa gongo sipigi, mpira ukipinda siuoni. Ilichukua kama dakika nne. Wakatugawia tiketi za kurudi nyumbani, ndege kesho yake.

Nilirudi chumbani nikaanza kufunga begi. Nikawaza nitakavyoshuka kwenye basi hapo Consuelo, mbele ya duka la Nurys, mchana, na wewe umesimama pale. Mama, sikuweza. Nikampigia Radhamés, akasema panda basi uje huku, kazi zipo. Tiketi ya ndege sikuitumia.

Osiris alikuwa amekaa kitandani analia kuliko mimi. Mwaka jana alicheza huku kwenye baridi, alikuwa na koti. Akasema nilichukue, huko ninakokwenda kuna theluji bado. Nikamwambia sitaki sadaka, tubadilishane. Hakutaka glavu. Nilimlazimisha, nikaitia ndani ya begi lake, nikatoka. Nilimwambia pia nimeshakuandikia kila kitu na wewe umesema sawa. Ndiyo maana hakuona ubaya kuileta kwako. Mimi nilidhani Baní ni mbali, atafungiwa na mtu wa hukohuko. Nilisahau kwamba zote zinakuja kwako.

Naosha vyombo kwenye mgahawa wa Mgiriki, toka saa kumi jioni. Nalala sebuleni kwa Radhamés na watu wengine wawili. Hakuna timu ya kaskazini. Hakuna aliyesimama kunipigia makofi.

Barua yako ya Julai niliisoma siku ileile. Niliandika majibu mara nyingi, nikayatupa. Kila nikifika kwenye neno la Machi namwona Nurys.

Mwambie Cabral. Mwambie don Aquiles nimekosa. Osiris nimempigia simu mwenyewe. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Siombi unitetee.

Eligio


Consuelo, 6 Septemba 1988

Mwanangu Eligio,

Mungu akubariki. Nakupa kwanza hiyo, kwa sababu uliiomba, na kwa sababu hasira na baraka kwangu zina vyumba tofauti.

Mtoto amebatizwa Jumapili ya mwisho wa Agosti. Wamemwita Tancredo, jina la baba yako, na alimkojolea padri.

Barua yako imenifikia Jumatano, tarehe 31. Chago hakushuka hata garini, alinipa dirishani akaondoka, nadhani uso wako ulimwambia kitu. Niliisoma mara moja. Nikaikunja, nikaosha uso, nikavaa gauni la bluu, lile la kanisani, maana nilijua nikiisoma mara ya pili nitapata sababu ya kungoja mpaka kesho.

Cabral alikuwa dukani. Walikuwepo wote, wazee wa domino, mume wa Miguelina, Nurys nyuma ya mizani yake. Nikasema, "Jamani, Julai nilisema hapa Osiris Peguero ni mwizi. Nilisema uongo. Glavu alipewa na mwanangu. Mwanangu aliachwa na timu mwezi wa tatu, yuko New York anaosha vyombo." Nilisema yote kwa pumzi moja, na sikuketi.

Nilingoja Nurys acheke. Hakucheka. Alinimiminia kahawa, akaiweka mbele yangu, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Cabral ndiye aliyesema. "Doña, mimi nilijua tangu Aprili. Orodha ya walioachwa inapitia mikononi mwangu."

"Ulijua? Na ukaniacha niongee?"

"Ulikuwa unaingia hapa unang'aa. Nani angekuambia? Ndiyo maana nilikuuliza mara mbili kama una hakika. Nikadhani labda kijana alichukuliwa glavu siku ile ya kuondoka, katika vurugu. Sikujua."

Nikageuka kumtazama Nurys. "Na wewe?"

"Mimi niliambiwa na Cabral mwezi wa tano," alisema bila kuacha kufuta.

"Na maneno ya picha, picha, picha?"

"Ningeacha kukuuliza ghafla, ungeshtuka. Ungejua."

Eligio, duka zima lilijua. Miezi yote ile niliyowasomea barua yako, nikawaonyesha kaskazini kwenye ramani, walikuwa wanacheka kwa ajili yangu, na mimi nikadhani nimewashinda. Hata mume wa Miguelina alijua. Sijamsemesha dada yako tangu siku hiyo, lakini nimembeba mtoto, kwa hiyo anajua nitamsamehe.

Cabral alisema mbele yao kwamba jambo limekwisha na halitafika kambini. Nilimfanya arudie.

Jumapili nikaenda Baní. Mabasi mawili, na kwenye la pili nilisimama mpaka mwisho. Don Aquiles alikuwa shambani, mkewe akamwita. Aliponawa mikono nikampa glavu imefungwa kwenye kitambaa cheupe, nikamwambia nilichosema Julai, nilichosema Jumatano, na mbele ya nani. Nikamwambia mwanangu anasema amekosa, na mama yake amekosa zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na haya na mimi nilikuwa na mdomo. Nikamwambia pia shanga nimeirudisha ndani, imo, imkinge kijana wake naye, kwa kuwa kilichobadilishwa kimebadilishwa na kila kilichomo.

Hakusema amenisamehe. Aliivaa mkononi, mkono wa jembe ule, akapiga ngumi katikati. Ililia vizuri, sitaficha. Akasema, "Imefungwa na mtu anayejua." Akanipa kiti, mkewe akaleta wali na nyama ya mbuzi, tukala. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama kwenye jua mpaka basi likaja. Sijui maana yake. Nimeamua kutouliza.

Vitunguu vyake nilivipika jana. Vilikuwa vimeanza kuota.

Sasa wewe. Sitakuuliza unarudi lini. Hilo nimelimeza, na si dogo, lakini nimelimeza. Basi likisimama hapa saa yoyote, mchana au usiku, hakuna atakayekushangaa, wote walishashangaa bila sisi. Ukitaka kubaki, baki, lakini uniandikie mambo ya huko kama yalivyo, mgahawa, Mgiriki, sebule, nani anakoroma. Kuosha vyombo si jambo la kuficha. Mimi nimeosha vya watu miaka sita kabla ya kumpata baba yako, na hakuna sahani niliyovunja, waulize.

Nakuuliza kitu kimoja tu, na safari hii nijibu kweli, hata kama jibu ni baya. Hilo koti, lina joto? Linashuka chini ya kiuno? Zipu yake inafika shingoni? Radhamés anasema huko mwezi wa kumi na moja upepo unaingia mpaka kwenye meno. Maana ile ilikuwa glavu ya ngozi safi, imefungwa mara mbili na Fiordaliza Mojica wa Consuelo, na kama koti ulilopewa halina joto, nitapanda mabasi mawili nirudi Baní, nikakae kwenye kile kiti mpaka wanipe lingine.

Mama yako